Redio ya Transista Isitupwe Jalalani: Somo la TR-63 kwa Shule za Sekondari

Katika stoo za shule nyingi za sekondari, na katika nyumba za wazee wetu, zimo redio ndogo za transista ambazo hazisemi tena. Gamba limepasuka, eriali imekatika, na mahali pa kutia betri pameingia kutu. Watu wengi huziona kuwa ni takataka zinazongoja siku ya usafi. Makala haya yanatetea rai nyingine. Redio ile ni kitabu cha fizikia kilichofunguliwa, na historia ya kampuni zilizoitengeneza ni kitabu cha pili, kinachoeleza jinsi watu wasio na kitu wanavyoweza kuufikia ufundi wa juu. Shule inayoitupa redio hiyo inatupa vitabu viwili kwa pamoja, na katika shule zetu vitabu havijawahi kuzidi.

Ili hoja isiwe ya jumla mno, tuchukue redio moja tu, nayo ni TR-63 ya kampuni ya Sony ya Japani, iliyotolewa mwaka 1957. Tuitazame ilikotoka, kisha tujiulize inatufaa nini.

Kabla ya mwaka 1954, redio za kubebwa zilizouzwa madukani na kuweza kupiga spika zilitumia valvu. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka utoe elektroni. Moto huo hula umeme hata kabla ya sauti yoyote kusikika. Redio ya valvu ya kubebwa ilihitaji betri za namna mbili: moja ya volti chache ya kupashia waya moto, na nyingine ya volti 67.5 au 90 ya kuzivuta elektroni. Mtu wa kijijini aliyetaka kusikia habari alilazimika kununua betri hizo kila zilipokwisha.

Mfano mzuri unapatikana katika bara letu wenyewe. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitoa redio ya betri kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Gamba lake lilikuwa la alumini, la mviringo kama sufuria, na kwa sababu hiyo watu wakaipa jina la chombo hicho cha jikoni. Redio yenyewe iliuzwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5. Betri iliweza kudumu kwa muda wa saa 300 hivi. Mwanafunzi na afanye hesabu: mwenye kusikiliza saa tatu kila siku alihitaji betri mpya baada ya siku 100, na bei ya betri nne ilikuwa sawa na bei ya redio nzima. Redio ile ilikuwa msaada mkubwa kwa wakati wake, lakini hesabu hiyo yaonyesha wazi kwamba pingamizi kubwa la redio vijijini lilikuwa ule waya wa moto ndani ya valvu.

Pingamizi hilo liliondolewa na ugunduzi uliofanywa katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Mnamo Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain walifaulu kukuza umeme dhaifu kwa kutumia kipande cha germaniamu, bila chupa na bila moto. William Shockley, aliyekuwa kiongozi wao, akaendeleza kazi hiyo kwa kubuni transista ya matabaka. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956.

Germaniamu ni nusu-kipitishi: haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala hauzuii kama kioo. Ikitiwa kiasi kidogo mno cha kitu kingine, tabia yake hubadilika. Fosforasi au antimoni huiongezea elektroni zilizo huru kutembea. Indiamu au galiamu huipunguzia elektroni na kuiachia matundu, yaani nafasi tupu ambazo nazo huhama kana kwamba ni chembe zenye chaji chanya. Transista ya matabaka ina sehemu tatu zilizobanwa pamoja, na ile ya katikati, iitwayo besi, ni nyembamba sana. Umeme mdogo unaoingia katika besi hutawala umeme mkubwa unaopita toka upande mmoja hadi wa pili, kama vile mkono mmoja kwenye bomba unavyotawala maji ya tangi zima. Huko ndiko kukuza.

Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani haikuwa ya Japani. Ilikuwa Regency TR-1, iliyotangazwa Marekani tarehe 18 Oktoba 1954. Transista zake nne zilitengenezwa na kampuni ya Texas Instruments, na redio yenyewe iliundwa na kampuni ya IDEA ya mji wa Indianapolis. Bei yake ilikuwa dola 49.95. Ni haki kulitaja jambo hili mapema, kwa sababu wapo wanaosimulia habari za Sony kana kwamba ndiyo iliyoanza. Haikuanza. Ubora wake haumo katika kuwa ya kwanza, bali katika njia iliyopitia ili ifike.

Kampuni hiyo ilianzishwa mjini Tokyo mwezi Mei 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, kwa jina la Tokyo Tsushin Kogyo. Waasisi wake walikuwa Masaru Ibuka, mhandisi, na Akio Morita, aliyesomea fizikia. Mtaji wao ulikuwa yeni 190,000 na wafanyakazi wao wapatao 20. Chumba chao cha kazi kilikuwa katika jengo la duka kubwa lililoharibiwa na mabomu. Walijaribu kutengeneza chungu cha umeme cha kupikia wali, kikashindwa. Walitengeneza redio za watu, wakauza mashine za kunasa sauti, wakajifunza kwa kila walichokishika.

Mwaka 1952 Ibuka alikwenda Marekani, na huko akasikia kwamba kampuni ya Western Electric ilikuwa tayari kuuza leseni ya haki za uvumbuzi wa transista. Bei ilikuwa dola 25,000. Kwa Japani ya siku hizo, iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, kiasi hicho kilikuwa kikubwa hata serikali ikasita kutoa kibali kwa kampuni ndogo isiyojulikana. Kibali kilipatikana mwaka 1954.

Hapa napenda mwalimu na mwanafunzi wasimame kidogo. Leseni ile iliwapa Wajapani ruhusa ya kutengeneza transista. Haikuwapa kiwanda, haikuwapa mashine, wala haikuwapa transista ifaayo kwa redio. Wenye kuuza walisema waziwazi kwamba chombo pekee cha matumizi ya nyumbani kilichoweza kutengenezwa kwa transista za wakati ule ni kile cha kuwasaidia wasiosikia vizuri. Hawakusema hivyo kwa hila. Fizikia ya siku hizo ndiyo iliyosema hivyo.

Sababu yake ni hii. Sauti ya mtu ina mitetemo mamia kadhaa hadi elfu chache kwa sekunde. Mawimbi ya kati ya redio yana mitetemo kati ya 525,000 na 1,605,000 hivi kwa sekunde. Transista za mwanzo ziliweza kukuza mitetemo ya sauti, lakini zilichoka kabla ya kufikia mitetemo ya redio, maana chembe za umeme zilichukua muda mrefu mno kuvuka besi. Ili transista ikimbie zaidi, njia ni mbili: kuifanya besi iwe nyembamba zaidi, au kutumia chembe zinazokwenda kasi zaidi. Katika germaniamu, elektroni huhama kwa wepesi unaokaribia mara mbili ya ule wa matundu. Kwa hiyo mafundi wa Tokyo waliamua kushika aina ya transista ambamo elektroni ndizo zinazovuka besi, ingawa aina hiyo ilikuwa ngumu zaidi kutengeneza.

Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Kazuo Iwama. Mwaka 1954 alikaa Marekani kwa miezi kadhaa akitembelea viwanda. Alitazama, akauliza, akashika moyoni. Kisha usiku, katika chumba cha hoteli, akaandika barua zenye michoro na kuzituma Tokyo. Wenzake walizisoma barua hizo na kujenga vyombo vyao kwa kuzifuata: tanuri za kukuzia fuwele, vyombo vya kusafishia germaniamu, vyombo vya kupimia. Hata hivyo barua hazikutosha. Kiasi kikubwa cha transista zilizotoka katika kazi ile zilikuwa mbovu. Ili kuzipa uwezo wa mitetemo mingi, watafiti walijaribu kutumia fosforasi mahali pa antimoni, njia ambayo wataalamu wa Marekani walikuwa wameijaribu na kuiacha. Walishindwa mara nyingi kabla ya kupata kipimo kinachofaa.

Redio yao ya kwanza, TR-52, haikufika madukani. Gamba lake la plastiki lilijikunja kwa joto. Mwezi Agosti 1955 wakatoa TR-55, yenye transista tano, nayo ikauzwa. Ilikuwa na jina jipya usoni: Sony. Jina hilo lilitungwa kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya sauti, na neno la Kiingereza la kumwita kijana kwa mapenzi. Lilichaguliwa kwa sababu watu wa lugha zote wangeweza kulitamka. Mwezi Januari 1958 kampuni nzima ikachukua jina hilo.

Katika mwaka huohuo wa 1955, Morita alikuwa Marekani akitafuta wanunuzi. Kampuni ya saa ya Bulova ilitaka kuagiza redio 100,000, kwa sharti kwamba zibandikwe jina la Bulova. Agizo hilo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wote wa kampuni yake, na wenzake kule Tokyo walimtaka alikubali. Morita alikataa. Alimweleza mnunuzi kwamba miaka 50 kabla ya hapo jina la Bulova nalo lilikuwa halijulikani, na kwamba wao walikuwa wakianza miaka yao 50. Waweza kuuona uamuzi huo kuwa wa kiburi. Mimi nauona kuwa wa busara, kwa kuwa mwenye kutengeneza kwa jina la mwingine hulipwa kazi ya mikono yake tu, na sifa ya akili yake huenda kwa mwenye jina.

Mwezi Machi 1957 ikaja TR-63. Urefu wake ulikuwa milimita 112, upana 71, na unene 32. Ilikuwa na transista sita na betri moja ya volti 9. Ili iwe ndogo kiasi hicho, kupunguza transista hakukutosha. Spika, koili, na hasa kapasita ya kutafutia stesheni, ambayo kwa kawaida ilikuwa na mabati yaliyotenganishwa kwa hewa, vyote vilipaswa kupungua. Kampuni ya Mitsumi ilitengeneza kapasita mpya iliyotumia utando mwembamba wa plastiki kati ya mabati, nayo ikakaa katika nafasi ndogo. Redio ilisifiwa kuwa ni ya mfukoni. Kwa kweli ilizidi kidogo mifuko ya kawaida ya mashati, na Morita mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wauzaji wao walishonewa mashati yenye mifuko mikubwa zaidi. Marekani iliuzwa dola 39.95, yaani dola kumi kasoro ya ile Regency. Mapema mwaka 1958 wezi walivunja ghala moja mjini New York na kuchukua redio za Sony zipatazo 4,000, wakaziacha za majina mengine. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kuzisifu zaidi.

Kisa cha kupendeza kuliko vyote, hata hivyo, hakikutokea dukani bali maabarani, na kilizaliwa na transista mbovu. Mwaka 1957 mtafiti kijana wa kampuni hiyo, Leo Esaki, alikuwa akichunguza athari za kutia fosforasi nyingi katika germaniamu. Katika vipimo vyake aliona jambo lisilofuata mazoea: katika sehemu fulani, volti ilipoongezwa, umeme ulipungua badala ya kuongezeka. Mtu mwingine angesema kipande hiki ni kibovu, akakitupa. Esaki alitambua kwamba elektroni zilikuwa zikipenya katika kizuizi ambacho, kwa hesabu za zamani, hazikuwa na nguvu ya kukiruka. Hilo ni jambo lililokuwa limetabiriwa na fizikia ya kwanta, na sasa lilionekana kwa macho katika kipande cha germaniamu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1958, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Ivar Giaever na Brian Josephson. Kiwanda cha redio za mfukoni kilikuwa kimezaa ugunduzi wa elimu ya juu kabisa.

Sasa tuje kwenye hoja. Mara nyingi wanafunzi huambiwa kwamba Wajapani walipata maendeleo kwa kuiga. Maneno hayo yana ukweli nusu, na ukweli nusu huweza kupotosha kuliko uongo. Ni kweli transista haikuvumbuliwa Tokyo. Lakini tazama mambo waliyoyafanya: walichagua aina ngumu kwa sababu ya hoja ya fizikia, walirudia jaribio ambalo wakubwa walikuwa wameliacha, walijenga vyombo vyao wenyewe, waliyapima makosa yao mpaka makosa yakawapa elimu mpya. Kuiga kwa namna hiyo ni utafiti. Anayenakili jibu la mwenzake darasani hana anachokipata, lakini anayelichukua jibu na kulitafutia njia yake yote, hatua kwa hatua, mwishoni huwa analijua somo, na pengine huona njia ambayo mwenye jibu hakuiona.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunaijua redio ya transista kwa sababu nyingine. Ndiyo iliyotufikishia habari na masomo mahali ambapo waya wa umeme haukufika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Tanzania iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzisikiliza redio na kuyajadili waliyoyasikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kwa redio za valvu na betri za volti 90, jambo la ukubwa huo lisingewezekana. Hali kadhalika tulipata viwanda: Philips mjini Arusha na Matsushita mjini Dar es Salaam vilikuwa vikitoa redio ambazo wengi walizinunua na kuzipenda.

Lakini hapana budi kutofautisha mambo mawili, kuunganisha na kutengeneza. Kuunganisha ni kupokea vipande vilivyofanywa kwingine, kuvilehemu mahali pake, na kufunga gamba. Ni kazi ya halali, inayofunza uangalifu na kuleta ajira. Hata hivyo anayeunganisha hajui kwa nini besi ni nyembamba, wala hana haja ya kujua. Siku muundo ukibadilika, hana la kufanya ila kungoja vipande vipya. Tofauti ya kiwanda cha Ibuka na viwanda vingi vya kuunganisha duniani haikuwa fedha, maana mwanzoni Ibuka hakuwa nazo. Tofauti ilikuwa ile barua ya Iwama iliyoandikwa usiku, pamoja na wenzake waliokuwa na elimu ya kutosha kuisoma na kuifanyia kazi. Watu wa namna hiyo hawatoki kiwandani. Hutoka shuleni.

Na je, shule zetu zinawatoa? Mwanafunzi wa kidato cha nne hueleza kwa ufasaha sheria ya Ohm, huchora mchoro wa kapasita, na kupata alama nzuri. Lakini wengi humaliza masomo bila hata mara moja kufungua chombo chochote cha umeme na kukitambua kile walichokichora. Majaribio mengine hufanywa kwenye karatasi tu, kwa vipimo vilivyobuniwa na mtunga mtihani. Husemwa kwamba hakuna vifaa. Nasema kwamba vifaa vingine vimo stooni, ndani ya gamba lililopasuka.

Mwalimu na achukue redio moja ya zamani ya betri, aifungue mbele ya darasa. Wanafunzi wataona fito nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba: hiyo ndiyo eriali ya mawimbi ya kati. Wataona kapasita inayozungushwa kutafuta stesheni, vikopo vidogo vya bati vyenye koili ndani, transista zenyewe, na spika yenye sumaku. Kila kitu kina mahali pake, na njia ya wimbi yaweza kufuatwa kwa kidole.

Kisha yafuate majaribio. Kwa redio iliyo nzima, tafuteni stesheni ya mawimbi ya kati na kuigeuza redio polepole juu ya meza. Sauti itafifia katika pande mbili zinazotazamana, kwa sababu fito ya feraiti hupokea vizuri inapokaa kukingama na njia ya wimbi, na kupokea vibaya ncha yake inapoelekea stesheni. Kwa ramani na redio mbili zilizowekwa mbali, darasa laweza kukadiria stesheni ilipo. Usiku, stesheni za mbali husikika zaidi kuliko mchana, na hapo mwalimu atapata nafasi ya kueleza matabaka ya juu ya hewa yanayorudisha mawimbi ardhini.

Jaribio la pili linahitaji redio mbili nzima. Redio nyingi za namna hii hubadilisha kila wimbi linaloingia liwe la kilohezi 455, ili likuzwe kwa urahisi. Hufanya hivyo kwa kutengeneza wimbi lao wenyewe, lililo juu ya wimbi la stesheni kwa kilohezi 455. Wekeni redio ya kwanza kwenye kilohezi 600: wimbi lake la ndani litakuwa kilohezi 1,055. Iwekeni ya pili karibu yake, mkaizungushe polepole kupita mahali hapo. Mtasikia mngurumo unanyamaza ghafla, au mluzi ikiwa pana stesheni jirani. Redio moja inaisikia nyingine. Hesabu ya kujumlisha imekuwa sauti, na mwanafunzi aliyeisikia hataisahau.

Redio iliyokufa nayo ina kazi. Wanafunzi wapime volti ya betri, watafute mahali umeme unapokatika, wapime koili ya spika kwa multimita, wasafishe kutu kwenye vishikio vya betri. Mara nyingi ugonjwa ni huohuo wa kutu tu. Tahadhari ni chache lakini za lazima: zitumike redio za betri peke yake, na kamwe zisifunguliwe zile zinazochomekwa ukutani, majimaji yaliyovuja katika betri yasiguswe kwa mkono mtupu, na wakati wa kulehemu, mguu wa transista ubanwe kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo, maana germaniamu haivumilii moto.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba dunia imo katika zama za kompyuta na simu, na kwamba kumfundisha kijana redio ya mwaka 1957 ni kumrudisha nyuma. Hoja hii inastahili jibu. Chipu ya simu ya leo ina transista mabilioni, na kila moja hufuata kanuni ileile ya umeme mdogo kutawala mkubwa. Lakini hakuna jicho litakaloiona hata moja kati ya hizo. TR-63 ilikuwa na transista sita, na mtoto aweza kuzihesabu. Hatuanzi kufundisha kusoma kwa kumpa mtoto gazeti zima. Tunaanza na herufi. Redio ya transista ni herufi za elektroniki.

Watasema pia kwamba redio za kale ni mali ya makumbusho na si za kuchokonolewa na watoto. Ni kweli kwa chache. Anayebahatika kuwa na TR-63 halisi, au redio yoyote adimu, na aihifadhi ilivyo. Lakini redio za kawaida, zilizotolewa kwa mamilioni, zitapata heshima kubwa zaidi mezani kwa mwanafunzi kuliko zitakavyopata shimoni. Wala sidai kwamba kutengeneza redio mbovu kutatuletea kiwanda cha transista. Kiwanda huhitaji fedha, sera, na miaka mingi. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba siku vitu hivyo vitakapopatikana, vitahitaji watu waliozoea kuuliza kwa nini, na mazoea hayo huanza utotoni au hayaanzi.

Kwa hiyo walimu wa fizikia wapewe nafasi na moyo wa kukusanya redio hizi kutoka kwa wazazi na mafundi wa mitaani, na fundi mwenyewe aalikwe darasani aeleze anavyotafuta ugonjwa, kwani wengi wao wana elimu ambayo haijaandikwa popote. Wakuu wa shule, kabla ya kutia sahihi orodha ya vitu vya kutupa, wamwite kwanza mwalimu wa fizikia aipitie. Na mwanafunzi, ukiikuta redio ya babu yako imelala darini, usiulize kama inasema. Omba ruhusa, tafuta bisibisi, uifungue uone inavyofanya kazi.